Dawa ya jino si kung'oa tu: niyaonayo dukani Kanamkemer

Kila jioni, joto la Lodwar likianza kulegea, hunijia wateja wa aina moja katika duka langu hapa Kanamkemer. Hawaji kwa unga wala majani ya chai. Huja wameshika shavu.

"Mswahili, nipatie dawa ya jino. Ile ya kumeza."

Ndivyo wanavyoniita hapa, Mswahili, na jina hilo nimelizoea. Nawapa vidonge viwili, wanaomba maji, wanameza palepale mbele yangu na kwenda zao. Kesho yake jioni warudi.

Nina miaka tisa tangu nitoke Mombasa kuja kutafuta riziki Turkana. Mimi si daktari. Lakini muuza duka huona mambo ambayo daktari hayaoni, kwa sababu daktari humwona mgonjwa siku ya mwisho, nami humwona tangu siku ya kwanza. Nimeona jino moja la mtu mmoja likipita hatua zake zote mbele ya meza yangu. Kwanza alikuja kwa vidonge viwili vya usiku. Baada ya mwezi akawa anachukua karatasi nzima. Kisha akapotea wiki kadhaa, nikamuuliza jino vipi, akacheka na kuniambia, "Limepoa lenyewe, Mswahili. Mungu ni mkubwa." Nami nikafurahi pamoja naye. Siku alipokuja tena, uso ulikuwa umevimba upande mmoja hadi jicho limefunga, na hawezi kumeza hata mate.

Kijana huyo ni mwendesha bodaboda. Alilazwa siku kadhaa, akapasuliwa usaha utoke, jino likang'olewa. Alhamdulillahi yu hai, na bado hunipitia. Lakini tangu siku ile neno "limepoa lenyewe" nikilisikia hunitia baridi mwilini. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba halikupona. Lilikufa. Mshipa wa fahamu ulio ndani ya jino ulikuwa umeoza, na jino lisilo na uhai haliumi. Vijidudu viliendelea na kazi yao kimyakimya, wakateremka kwenye mzizi hadi kwenye taya.

Ndiyo sababu naandika haya, na nawaandikia ndugu zangu wa pwani. Msidhani nawasimulia habari za watu wa mbali. Sisi tuna usemi wetu, kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Twausema kwenye siasa, twausema kwenye ndoa, na twausema kwa meno yenyewe. Leo nataka kuuliza kama usemi huo ni hekima, au ni udhuru wa watu na serikali waliozoea kuchelewa.

Hali yetu kwa jumla

Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 uligundua kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu ana meno yaliyooza, na kwamba karibu watu wazima wote waliopimwa fizi zao zilitoka damu. Hii si aibu ya Turkana peke yake wala ya Kenya peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 ulimwenguni wana maradhi ya kinywa, na wengi wao wako katika nchi zenye kipato cha kati kama yetu.

Maradhi ya watu wengi hivyo ilipasa yazungumzwe kila siku. Lakini jino halina msemaji. Malaria hupigiwa kampeni, na hiyo ni haki yake. Jino huachiwa muuza duka.

Pwani tuna vyetu vya kulaumu. Tuna mabuyu ya rangi ambayo mtoto huanza kuyanyonya kabla hajajua kusoma. Tuna kashata, halua, kaimati za mwezi mtukufu, juisi ya ukwaju iliyojaa sukari. Tuna tambuu, tuna miraa na muguka ambao mtu huutafuna masaa akiusindikiza kwa soda na bazoka. Huku Turkana kuna chai ya sukari nyingi, inayonywewa asubuhi, mchana na usiku, na mara nyingine ndiyo chakula chenyewe, maziwa yakikosekana kwa ukame. Kuna tumbaku ya kutafuna, inayowekwa shavuni kutwa. Sukari na tumbaku hiyo nauza mimi. Sijitoi lawamani.

Jino langu

Nami nina yangu. Mwaka wangu wa tatu hapa gego la chini upande wa kushoto lilianza kunisumbua. Nikinywa maji ya friji lilinichoma kama sindano, kisha likatulia. Chakula kikinasa pale kila siku, nami nachokonoa kwa njiti. Nikakaa nalo mwaka mzima. Nilitia karafuu, kama alivyokuwa akifanya bibi yangu, na karafuu ni kweli hutia ganzi kidogo. Mafuta yake hutumika hata na madaktari katika dawa za kuzibia kwa muda. Lakini karafuu hainyanyui ukuta ulioanguka.

Lilipozidi usiku nikaenda kwenye zahanati moja ambayo siitaji. Aliyenipokea aliangalia dakika moja, akaniuliza, "Ni hili?" Nikasema ndilo. Akachoma ganzi, akashika koleo. Hakuniambia kama kuna njia nyingine, nami sikujua kuuliza. Nilitoka na pamba mdomoni, nimefurahi maumivu yameisha. Hakuna aliyeniambia kwamba pengo nalo ni maradhi.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa Mombasa kwa harusi ya mpwa wangu, nikapelekwa kwa daktari wa meno na dada yangu, ambaye hakubali udhuru. Daktari akanionyesha kwa kioo. Gego la nyuma lilikuwa limelala mbele kuelekea pengo, kama mti ulioegemea. Jino la juu lililokuwa likikutana na lile lililong'olewa lilikuwa limeshuka, kwa kuwa halina mwenzake wa kulizuia. Kwa kuwa nilikuwa natafunia upande wa kulia tu, gego la kulia nalo limepata ufa. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mzee, ulilipia kung'oa jino moja, sasa unadaiwa matatu."

Lile la kulia aliliwahi. Aliliziba siku ileile, na hadi leo natafunia. Kumbe ningejua kuzisoma ishara, hata la kushoto lingebaki.

Ishara zenyewe

Hizi ndizo nilizojifunza, kwa kuuliza madaktari na kwa kuwatazama wateja wangu. Msomaji ajipime nazo mwenyewe, kisha awapime watu wa nyumbani kwake.

Ishara ya kwanza ni jino kuchomwa na baridi au kitu kitamu, kisha maumivu yakaondoka papo hapo. Wengi huipuuza kwa sababu haiumi sana, na hapo ndipo penye thamani. Gamba gumu la nje la jino limeanza kuliwa au fizi imepanda juu, lakini mshipa wa ndani bado mzima. Jino katika hali hii mara nyingi huzibwa kwa kikao kimoja.

Ya pili ni maumivu yanayobaki. Ukinywa chai ya moto, jino likauma, na dakika kadhaa baadaye bado lapiga kama moyo, au likakuamsha usiku bila kuguswa, uharibifu umefika ndani. Kuziba tu hakutoshi tena. Hapo panahitajika kusafishwa mzizi, yaani kuondoa ule mshipa uliooza, kujaza nafasi yake, na mara nyingi kuvisha jino kofia. Kung'oa si njia ya pekee hata hapo.

Ya tatu nimekwisha kuitaja: jino lililokuwa likiuma likanyamaza bila tiba. Ukisikia kimya hicho usichinje kuku. Nenda ukapimwe. Dalili inayofuatana nayo ni kijipu kidogo kwenye fizi, kinachopasuka na kutoa maji ya chumvichumvi, kikaisha, kikarudi palepale. Huo ni usaha unaotafuta mlango.

Ya nne ni chakula kunasa mahali pamoja kila siku, uzi wa nyama au ugali, na ulimi kupata ncha kali ambayo jana haikuwapo. Huenda kuna tundu baina ya meno mawili usiloliona kwa kioo, au kipande kimemeguka, au zibo la zamani limelegea. Zibo haliishi milele. Lililotiwa miaka kumi iliyopita lahitaji kuangaliwa, kwa maana uozo hupenya chini yake bila kuonekana.

Ya tano ni maumivu ya kuuma na kuachia. Unatafuna sawasawa, kisha siku moja ukiuma mfupa au mahindi ya kuchoma unapigwa na kitu kama umeme, hasa unapoachia. Mara nyingi huo ni ufa. Jino lenye ufa likivishwa kofia mapema laweza kupona. Likiachwa ufa ukafika mzizini, hapo ndipo koleo lina haki yake.

Ya sita ni jino kubadilika rangi peke yake, likawa la kijivu au kahawia na majirani zake weupe. Angalia hasa kama uliwahi kuanguka au kugongwa, hata miaka iliyopita. Vijana wetu wa bodaboda, Lodwar na Mombasa, wanayo mengi ya namna hii. Pigo laweza kuukata uhai wa jino bila kulivunja.

Ya saba ni ya fizi. Damu kwenye mswaki, harufu isiyoondoka, meno yanayoonekana kurefuka, mianya mipya, na mwishowe jino linalocheza ukiligusa kwa ulimi. Meno hayarefuki. Ni fizi na mfupa vinavyoshuka. Watu wengi wazima hupoteza meno yasiyo na tundu hata moja, kwa sababu ya fizi. Mwenye kisukari, na pwani tunao wengi, ajiangalie mara mbili: sukari ya damu ikipanda fizi huharibika haraka, na fizi zikiwa mbovu sukari nayo hugoma kushuka. Mama mjamzito naye fizi zake hutoka damu kwa urahisi, na si kweli kwamba ni lazima kila mtoto achukue jino moja la mamake.

Ya nane ni kwa wenye mapengo na wenye meno ya bandia. Ukiona umeanza kukwepa nyama, karanga au muhogo, ukiona watafunia upande mmoja, ukiona meno ya bandia yanacheza, yanachubua au yanahitaji kushikwa na ulimi unaposema, basi mdomo umebadilika umbo na wahitaji kupimwa upya. Mfupa wa taya hupungua jino linapoondoka, zaidi katika mwaka wa kwanza. Bandia lililokutosha miaka kumi nyuma halikutoshi leo.

Zipo ishara zisizongoja kesho. Uso au shingo kuvimba pamoja na homa, mdomo kushindwa kufunguka, kumeza au kupumua kuwa kazi: mtu huyo apelekwe hospitali usiku huohuo. Usaha wa jino la chini waweza kuteremka shingoni na kuziba pumzi. Na kidonda chochote cha mdomoni, au doa jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki mbili, lipimwe, hasa kwa mtafuna tumbaku au tambuu. Hiyo si habari ya jino tena, yaweza kuwa saratani.

Maji ya huku na meno ya kahawia

Mgeni akifika Turkana jambo moja analoliona ni meno ya kahawia kwa watoto na watu wazima. Nilipofika nilidhani hawapigi mswaki. Nilikosea, na naomba radhi kwa dhana hiyo.

Sababu ni maji. Sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi Arusha, ina floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya Ziwa Turkana yanakipita kwa mbali, na vipo visima vya kaunti hii vinavyokipita pia. Floraidi kidogo hulinda jino, ndiyo maana imo katika dawa ya meno. Ikizidi wakati meno ya mtoto bado yanaumbika ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hadi karibu miaka minane, gamba la jino huumbika na kasoro. Huwa na mistari myeupe, kisha kahawia, na likizidi huwa na vishimo na humeguka.

Hapo pana mtego wa aina mbili. Wa kwanza ni mtu kudhani jino la kahawia limeoza, aling'oe bure. Wa pili ni kinyume chake: mtu akizoea kuambiwa "ni maji tu", jino likianza kuoza kweli hajui. Tofauti ni hii. Rangi ya maji huwa kwenye meno mengi, pande zote mbili kwa mfanano, nayo ilikuwapo tangu jino lilipoota. Uozo huanza mahali pamoja, huongezeka, na hatimaye hulainika na kuuma. Kusugua kwa mchanga au majivu hakuondoi rangi hiyo, hula gamba tu. Jino lenye vishimo laweza kurembeshwa na kuimarishwa kwa dawa za kuzibia za rangi ya jino, na lililomeguka sana huvishwa.

Na jambo ambalo kila mama anafaa kulijua: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke floraidi hubaki, kwa hiyo huzidi ukali. Njia ziko. Nakuru wametumia mkaa wa mifupa kuchuja floraidi kwa miaka mingi, na kule Ngurdoto, Arusha, Tanzania ina kituo cha utafiti kwa kazi hiyo. Swali la Turkana ni kwa nini kisima huchimbwa, hupigwa picha, hukatwa utepe, lakini matokeo ya kipimo cha floraidi hayabandikwi pale kwenye bomba mama akayasoma.

Pengo la heshima na pengo la hasara

Wazee wengi wa Kiturkana hawana meno mawili ya mbele ya chini. Hawakuyapoteza. Yalitolewa kwa mila, na wazee huelezea kwamba mtu akishikwa na pepopunda taya zikakaza, angeweza kunyweshwa maziwa kupitia pale. Ni alama ya kabila na ya utu uzima, na siwezi mimi mgeni kuisimamia hukumu. Vijana wa mjini wengi hawaifuati tena.

Naitaja kwa sababu imenifunza jambo. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia, "Hili pengo nililichagua. Haya ya nyuma niliibiwa." Alikuwa na mapengo matano ya magego. Meno mawili ya mbele ya chini mtu aweza kuishi bila hayo. Magego ndiyo jiwe la kusagia. Yakiondoka chakula kinabadilika, mtu anakonda, anakula uji na chai, na ile chai ya sukari inamaliza yaliyobaki.

Pengo hujazwa kwa njia tatu. Ipo bandia la kuvua na kuvaa, ambalo ndilo rahisi zaidi kwa bei. Lipo daraja, ambalo hushikizwa kwenye meno ya pande zote mbili za pengo na kukaa palepale. Na kuna kupandikiza jino, skurubu ya titani inayoingizwa ndani ya taya na kuvishwa jino juu, ambayo ni ghali na yahitaji mfupa wa kutosha na fizi zilizo safi. Kila njia ina masharti yake. Ila muda wa kuuliza ni kabla ya kung'oa, si miaka mitatu baadaye kama mimi.

Kwa nini koleo hushinda

Sasa turudi kwenye swali langu. Kwa nini, kutoka Lodwar hadi vijiji vya Kwale na Tana River, jibu ni koleo?

Tusimlaumu mhudumu peke yake. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Lodwar ina hospitali ya rufaa ya kaunti, lakini Turkana ni kaunti pana mno. Mtu wa Kakuma husafiri kilomita 120 hivi kuja Lodwar, na akitumwa mbele zaidi, Kitale ni karibu kilomita 300 kutoka hapa. Kuziba jino kwataka kiti, umeme, hewa, maji na dawa zisizokwisha muda. Kusafisha mzizi kwataka safari mbili tatu. Kung'oa kwataka sindano ya ganzi, koleo na robo saa. Mgonjwa aliyeuza mbuzi apate nauli hataambiwa arudi wiki ijayo.

Lakini mbinu ya kuvuka kikwazo hicho ipo, na ilianzia kwetu Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, wataalamu wa meno walianza kuziba meno bila mashine. Walikwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, wakajaza tundu kwa dawa inayoshika kwenye jino. Hapakuwa na umeme wala mlio wa mashine, na mara nyingi hata ganzi haikuhitajika. Njia hiyo ilienea ulimwenguni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya kuzibia inayotumika katika njia hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Yaani kuziba jino si anasa ya mjini. Kwaweza kufanyika chini ya mgunga, mradi tundu liwe bado dogo.

Hilo la mwisho ndilo fundo la mambo yote. Njia rahisi yafaa kwa ishara ya kwanza. Haifai kwa uso uliovimba. Kaunti ikisubiri mgonjwa aje na uvimbe, itajenga wodi. Ikimfuata mtoto shuleni na tundu lake dogo, itatumia kijiko na saruji. Wahenga walikwisha kulisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kuna na suala la bima. Tangu Oktoba 2024 tuko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na wenye mishahara twakatwa asilimia 2.75. Kila mwanachama ana haki ya kuuliza, kabla hajaketi kwenye kiti, matibabu gani ya meno yanalipiwa na yapi hayalipiwi. Na kila mwakilishi wa wadi, wa Kanamkemer au wa Mombasa, aulizwe: katika zahanati za wadi yako, ni ngapi zinaziba meno, na ni ngapi zinang'oa tu? Jibu la swali hilo litatuonyesha kama tuna huduma ya meno au tuna huduma ya koleo.

Na mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025 ili wakimbizi wa Kakuma na wenyeji watumie huduma pamoja, usiliache jino nje. Kambi ile ipo tangu 1992. Watoto waliozaliwa pale sasa ni wazazi, na maji wanayokunywa ni ya ardhi hiihii.

La nyumbani

Wakati tukiwangoja wakubwa, yapo yaliyo mikononi mwetu. Mti wa mswaki tunaoutumia pwani kabla ya sala umejaa kandokando ya mito ya huku, Waturkana wauita esekon. Sunna yetu na desturi yao zimekutana kwenye kijiti kimoja. Utumike, uchongwe upya kila siku, ufikishwe hadi magego, na usiku kabla ya kulala iongezwe dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere kwa mkubwa na punje ya mchele kwa mtoto mdogo. Pipi na mabuyu yaliwe pamoja na mlo, si kunyonywa kutwa. Kidonge kisisagwe na kupakwa kwenye fizi, kinachoma. Na wanaotia maji ya betri kwenye tundu la jino, nawaomba kwa Mungu waache.

Nami nimebadilisha kitu kimoja dukani. Mteja akija kwa vidonge vya jino mara ya pili katika wiki moja, namuuliza maswali matatu: Lakuuma ukinywa baridi au moto? Lakuamsha usiku? Lilinyamaza likarudi? Simpi tiba. Namwambia lake liko hatua gani, na kwamba akienda kesho aulize neno hili: "Daktari, laweza kuzibwa?"

Wengine hunicheka. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja auzaye mandazi barabarani, na binti yake wa miaka kumi na mmoja. Binti alikuwa ameshika shavu. Nikamuuliza yale matatu. Baridi tu, akasema, na laacha upesi.

Sikumwuzia kidonge. Nilimwambia mama awahi asubuhi, kabla ya foleni. Juzi binti amepita akitoka shule, akanifungulia mdomo nione. Kulikuwa na doa jeupe dogo juu ya gego.

"Limezibwa, Mswahili," akasema. "Halikung'olewa."